Mjane wa Jumamosi Kuu



Tarehe 22 Machi 2008 ilikuwa Jumamosi Kuu. Siku hiyo, katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mpiga saksafoni aitwaye Jason Rae alikutwa amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 31. Mkewe, mwanamuziki Corinne Bailey Rae, akabaki mjane akiwa na miaka 29. Ni habari za mama huyu ninazopenda kutafakari nanyi juma hili, ingawa yeye si wa Kanisa letu.

Corinne alizaliwa Leeds mwaka 1979, baba yake akitoka kisiwa cha Saint Kitts katika Karibi, mama yake Mwingereza. Alianza kuimba kanisani. Akisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Leeds, alipata kazi ya kupokea makoti ya wageni kwenye klabu ya muziki wa jazi. Huko ndiko alikokutana na Jason, wakaoana mwaka 2001. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2006, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Nilikuwa seminari kuu wakati huo, na wimbo wake “Put Your Records On” ulitufikia redioni hata sisi tuliodhaniwa kusikiliza Kilatini tu. Februari 2008 alishiriki tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, kwa kuwa aliimba katika albamu ya Herbie Hancock. Majuma sita baadaye alikuwa akizika.

Uchunguzi ulieleza kwamba kifo kilitokana na methadone pamoja na pombe, kikahesabiwa kuwa ajali. Hebu fikirini mjane kijana anayesikia sababu hiyo ikisomwa hadharani. Katika matanga yetu nasi, kabla marehemu hajaoshwa, tayari watu wananong’ona: “Kwani alikufa kwa nini?”

Kisha hufuata faraja za haraka. Nimeongoza mazishi mengi, na mara nyingi nimesikia “kazi ya Mungu haina makosa” ikisemwa kwa mtu ambaye hata kulia bado hajapata nafasi. Marafiki wa Ayubu walimfaa zaidi zile siku saba walizoketi naye chini bila neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Kanisa lenyewe, Jumamosi Kuu, halina haraka. Misa haiadhimishwi, altare ni tupu, kengele ziko kimya hadi Mkesha. Sisi tumeigeuza kuwa siku ya kupamba kanisa, kufanya mazoezi ya kwaya na kununua nyama. Liturujia, hata hivyo, bado inakaa kaburini.

Corinne naye alikaa. Albamu yake ya pili, The Sea, haikutoka hadi mwanzoni mwa mwaka 2010, karibu miaka miwili baada ya msiba. Ndani yake zimo nyimbo alizoandika kabla ya kifo na alizoandika baada yake, zikiwa pamoja. “I’d Do It All Again” aliuandika Jason angali hai, baada ya ugomvi wa nyumbani. Anayeusikiliza leo hudhani ni wimbo wa mjane, kumbe ni wa mke. Wimbo mwingine, “I Would Like to Call It Beauty”, ulipata jina lake katika maneno ya mdogo wake marehemu, walipokuwa wakizungumza juu ya majonzi yao. Nimependa sana jambo hilo: shemeji wawili wanaoomboleza pamoja. Katika familia nyingi ninazozijua, huo ndio wakati wa kugombania shamba.

Mwaka 2013 aliolewa tena, na mwanamuziki Steve Brown, na wamejaliwa mabinti wawili. Aliendelea kutunga, albamu yake Black Rainbows ilitoka mwaka 2023. Juu ya jalada lake bado limeandikwa jina Rae.