Ngome ya Mvita na Walioshika Funguo Zake

Msafiri aifuataye Barabara ya Nkrumah mjini Mombasa kuelekea baharini hufika mahali ambapo majumba hukoma ghafula, na mbele yake husimama ukuta mkubwa wenye rangi ya udongo uliochomwa na jua, uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe. Hiyo ndiyo ngome ambayo Wareno waliipa jina la Yesu, na katika ramani huandikwa Fort Jesus. Wenyeji wa Mvita kwa muda mrefu waliiita Gereza tu. Wajuzi wa lugha husema kwamba neno hilo limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, maana ndani ya kuta mlikuwa na kanisa dogo la askari. Hivyo jina la kanisa likawa jina la ngome, na jina la ngome likawa jina la kifungo. Mtu wa Kisumu au wa Tabora asemapo kwamba fulani amepelekwa gerezani, huzitaja kuta hizi bila kujua.

Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1593. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa Wareno katika nchi za Bara Hindi. Buruji zake nne zimepangwa kwa akili nyingi, hata kila sehemu ya ukuta huonekana kutoka katika buruji nyingine, na adui asipate pa kujificha. Lakini ajabu ya ngome hii ni kwamba mizinga haikuishinda ila kwa nadra. Katika historia yake yote mlango wake ulifunguliwa zaidi kwa hila, kwa njaa, kwa maradhi, na kwa barua za wazee wa mji walioandika kuomba msaada ng'ambo.

Hila ilitangulia. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi waliokuwa marafiki wa Wareno, aligombana na kapteni wa ngome, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alichukuliwa mtoto hadi Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Dom Jeronimo Chingulia, kisha akarudishwa kuwa mfalme chini ya mamlaka yao. Wareno walidhani wamejifinyangia mtawala wao wenyewe. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa heshima, akamchoma kapteni kwa jambia. Wareno wengi waliuawa, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Merikebu za kivita zilikuja kutoka Goa, naye akazizuia. Hata hivyo mwaka uliofuata aliibomoa sehemu ya ngome, akapanda chombo, akaondoka, akawa haramia wa baharini mpaka kufa kwake. Kisasi alikipata, lakini mji aliouacha nyuma haukupata mtawala, na Wareno wakarudi wakaingia bila taabu. Juu ya mlango lipo jiwe walilochora kuhusu kapteni aliyewekwa mwaka 1635, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Limejaa majivuno: jinsi alivyoijenga upya ngome, na jinsi alivyowaadhibu watu wa pwani na kuwatoza kodi wafalme wao.

Ndipo zilipoanza barua. Waarabu wa Omani walikuwa wamewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na wazee wa Mombasa wakapeleka wajumbe kwa Imamu kumwomba awatendee hisani hiyo hiyo. Hisani ilichelewa, lakini ilifika. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yaliizingira ngome, na mazingiwa hayo yakaendelea miezi thelathini na mitatu. Ndani walikuwamo Wareno wachache na watu wa pwani kwa mamia, maana si wote waliowachukia Wareno. Watu wa Faza waliwachukia zaidi jirani zao wa Pate. Tauni iliingia mwaka 1697, ikawamaliza askari mmoja mmoja. Kapteni alipofariki mwezi wa Agosti mwaka huo, aliyeshika amri ya ngome ni Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake, na wanawake Waafrika walikamata silaha wakalinda zamu juu ya ukuta. Majina ya makapteni yamehifadhiwa vizuri. Ya wanawake hao hakuna aliyeyaandika.

Msaada ulikuja kutoka Goa, lakini merikebu moja, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka huo huo. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa ndani ya ngome. Mwezi wa Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta, wakawakuta watetezi wachache tu. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Wareno zilitokea baharini, zikaona bendera ya Omani inapepea, zikageuka.

Watu wa Mombasa waliona upesi kwamba liwali wa Kiarabu naye hutoza kodi. Mwaka 1728 Wareno walirudi wakaipata ngome tena, na kwa muda walipokewa vema. Mwaka 1729 mji ukawachoka, ukawafukuza wenyewe bila msaada wa merikebu ya mtu yeyote. Huu ulikuwa wakati wa nadra, maana funguo zilikuwa mikononi mwa wenyeji. Nao walifanya nini? Walituma tena wajumbe Maskati. Si vigumu kuwaelewa, kwani waliogopa Wareno watarudi. Lakini msomaji akifika hapa katika habari hii huugua kidogo.

Kutoka Omani walikuja maliwali wa ukoo wa Mazrui. Enzi ya Maskati ilipopinduliwa na Ahmad bin Said wa Albusaidi, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii, akauawa kwa amri ya mtawala huyo mpya. Ndugu yake Ali, aliyefungwa humo ngomeni, alitoroka, akarudi na watu wa mjini, akaitwaa. Tangu hapo Mazrui walitawala kwa karibu miaka tisini, wakishauriana na wazee wa Thenashara Taifa. Na siri ya nguvu zao ilikuwa mashauri hayo kuliko mizinga. Mwaka 1824, walipomwogopa Sayyid Said, walipandisha bendera ya Kiingereza, na Kapteni Owen akawakubalia ulinzi. Serikali yake haikuukubali, na bendera ikashushwa mwaka 1826. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, aliishi katika siku hizo za vitisho vya vita, na tungo zake nyingi zimetoka humo.

Ukoo wa Mazrui ulipogawanyika wenyewe kwa wenyewe juu ya urithi, mwisho ulikuwa karibu. Baadhi ya wazee waliandika barua nyingine, safari hii kwa Sayyid Said. Mwaka 1837 aliingia ngomeni, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni, wasionekane tena Mombasa. Wengine walihamia Takaungu na Gazi.

Mizinga ilipata siku yake mwaka 1875, Akida wa ngome alipomwasi Sultani Barghash, na manowari za Kiingereza zikaipiga ngome hadi akasalimu amri. Miaka ishirini baadaye Waingereza waliifanya kifungo halisi, ikawa hivyo tangu 1895 hata 1958. Muda huo wote bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu yake, kwa kuwa pwani ilihesabiwa kuwa milki yake iliyokodishwa. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliiunganisha pwani na Kenya, na bendera hiyo ikashuka.

Ngome ilikuwa imekwisha kuwa makumbusho mwaka 1960, baada ya James Kirkman kuichimba na kuitengeneza kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Ndani mgeni huonyeshwa picha ambazo askari wa Kireno walizichora ukutani katika upweke wao: merikebu, samaki, na kinyonga. Watoto wa shule huja kwa mabasi, hupanda juu ya mizinga mpaka mwalimu awakemee, na jioni hutoka chini ya lile jiwe la kapteni wa miaka 27. Wachache huinua macho kulitazama, nao hawawezi kulisoma, maana ni la Kireno.