Askari Waliorudi Kambini

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi pasi na kuitafakari, hadi maradhi ya mjomba yaliponifunza kuwa hata nguo yenyewe yaweza kumla mvaaji.

Mwaka 2011 mjomba aliumwa na kichwa majuma mawili mfululizo. Hospitalini ilibainika kwamba alikuwa na virusi vya UKIMWI, na maji ya uti wa mgongo yalikuwa na kuvu iitwayo kriptokokasi. Kuvu hii huishi udongoni na katika kinyesi cha njiwa. Mwenye kinga thabiti huivuta puani asidhurike. Aliyedhoofika humpanda hadi ubongoni. Alitibiwa, akapata nafuu, akawa hata anawatania wauguzi. Katika juma lilo hilo la kwanza akaanzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi. Siku ya ishirini kichwa kilirudi kwa kishindo. Hakuamka tena.

Hukumu ilitolewa matangani: dawa ndizo zilizomuua. Mkewe, aliyekuwa na vidonge vyake mwenyewe, alivitumbukiza chooni.

Nilipojiunga na chuo mwaka 2016, mwenzangu wa bweni aliyesomea udaktari alinifumbulia fumbo. Virusi vinapozimwa, mpenzi msomaji, chembechembe nyeupe za damu huongezeka upesi, mithili ya askari waliorudi kambini na kumkuta adui amejaa tele. Hushambulia kuvu iliyo hai na mizoga yake pia. Ubongo huvimba, nalo fuvu halitanuki. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wagonjwa 177, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa kati ya walioanza dawa hizo mapema, asilimia 45 walifariki katika miezi sita. Kati ya waliosubiri takriban majuma matano, asilimia 30. Siku hizi madaktari hutibu kuvu kwanza, wakasubiri majuma manne hadi sita. Mjomba hakuufikia ujuzi huo.

Likizo ilipofika nilimwendea mjane wake. Alikuwa amekonda. Nilimsimulia yote, nikitumia askari na kambi kwa kuwa sikuwa na lugha nyingine.

"Kwa hiyo hazikuwa sumu, mwanangu?"

"La, mama. Ziliwahi mno. Nawe huna kuvu hiyo kichwani."

"Wajuaje?"

Sikujua. Nilimwambia kwamba watampima kwanza.

Alinyamaza kitambo, akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Kisha akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.