Safari ya Ruhuwiko: Nenda na Binti Yako

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Songea, usiishie sokoni wala kwenye Makumbusho ya Majimaji. Toka mjini uelekee magharibi, kilomita chache tu, ufike Ruhuwiko. Nenda na watoto. Hasa nenda na binti yako.

Huko ndiko uliko uwanja wa ndege wa Songea. Kwa msafiri, uwanja ni mahali pa kupanda na kushuka. Kwa mwenye jicho la ufundi, ni darasa. Njia ya kurukia na kutua ndege, iliyokuwa na urefu wa mita 1,625, ilirefushwa miaka ya karibuni hadi mita 1,860. Kazi hiyo si kumwaga lami tu. Ardhi hupimwa, udongo hujaribiwa kama utahimili uzito, tabaka za kokoto hushindiliwa moja baada ya nyingine, na mifereji huchimbwa ili mvua isile msingi.

Kisha inueni macho mzitazame nyaya. Kwa miaka mingi Songea ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 mji uliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako, mwendo wa kilomita zipatazo 250.

Sasa muulize binti yako: kazi hizi ni za nani? Yamkini atajibu, "Za wanaume."

Hapo mpe habari za Mhandisi Stella Manyanya wa mkoa huu huu wa Ruvuma, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Nyasa mwaka 2015. Kabla ya hapo, Bunge lilipounda Kamati Teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond, wajumbe walikuwa watano na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Taarifa yao ilipotolewa Februari 2008, Waziri Mkuu alijiuzulu. Mkataba wa mitambo hauchunguzwi kwa ufasaha wa maneno tu. Humtaka pia mtu ajuaye mitambo.

Mweleze na ngazi zenyewe. Fundi mchundo hufunzwa katika vyuo vya VETA, na Songea kipo kimoja. Fundi sanifu husomea stashahada. Mhandisi huhitimu chuo kikuu, kisha hujifunza kazini kwa miaka 3 chini ya wahandisi wazoefu, kwa mpango ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003. Kwa kuwa wanawake walikuwa wachache mno, kuanzia mwaka 2010 Norway ilisaidia kugharimia mafunzo ya wahitimu wa kike.

Lakini kidato cha kwanza cha ngazi hiyo, ndugu msomaji, kimo nyumbani mwako. Binti akitoka shule hupewa ndoo, ufagio na mdogo wake wa kubeba. Kaka yake huachiwa redio mbovu aifungue aone kilichomo. Miaka kumi baadaye twasema kwamba fizikia ni somo la wavulana. Nani aliyewagawia, kama si sisi wazazi?

Basi mtakaporudi nyumbani, siku pasi itakapoharibika, ichomoe kwanza kwenye umeme na uiache ipoe. Kisha mwite binti, umpe bisibisi. Na ile ndoo, siku hiyo aichukue kaka yake.