Jibu ni C, Lakini Mgonjwa Je?

Kule India daktari kijana anayetaka kusomea ubingwa hukutana kwanza na mtihani uitwao NEET-PG. Maswali ni 200, muda saa tatu na nusu. Ukipata unapewa alama 4, ukikosa unakatwa 1, ukiruka huna faida wala hasara. Tangu 2024 mtihani umekatwa vipande vitano vya maswali 40, kila kipande dakika 42, na kipande kikishapita ndio basi tena, hurudi nyuma. Yaani swali moja lina dakika moja na sekunde chache. Ukizubaa umeliwa.

Mimi nilisomea udaktari hukohuko, na mwenzangu wa chumba, kijana wa palepale, alikuwa anapiga msuli wa mtihani huo. Kazi yangu jioni ilikuwa kumsomea maswali ya miaka iliyopita. Tukafika kwenye nusukaputi. Jamani, somo hili watu hulichukulia kama kachumbari! Maswali yake ni machache, basi ikiwepo sawa, isipokuwepo wali utaliwa.

Jamaa alikuwa na kanuni yake: usisome swali lote, tafuta neno. Joto limepanda ghafla baada ya mgonjwa kuvuta halotheni? Dantrolini. Mama mjamzito amecheua akiwa usingizini, tindikali ikaingia mapafuni? Sindromu ya Mendelson. Sekunde tano, alama 4, haya lete lingine. Na alikuwa anapata kweli, sikatai.

Ila mimi roho ilikuwa inaniwasha. Huyo mwenye joto ni nani? Nikaenda kumtafuta maktaba. Mwaka 1960 madaktari Denborough na Lovell wa Melbourne waliandika habari za kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Mguu haukumtisha sana. Kilichomtisha ni nusukaputi, maana ndugu zake kumi walikufa baada ya kulazwa usingizi kwa etha. Wakampa halotheni, dawa mpya wakati ule, na hali ikabadilika papo hapo. Wakaikatisha, wakahangaika naye, akapona. Dantrolini ilikuwa bado haijaanza kutumika. Ukoo mzima umepukutika, sisi tunaita alama 4!

Nikampata na Hannah Greener, binti wa miaka 15 kule Uingereza. Tarehe 28 Januari 1848 alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu, bwana! Akafa ndani ya dakika chache.

Basi kila jibu nikawa nalifuatishia kisa. Jamaa akanijia juu. "Kaka, nikianza kumlilia Hannah, nafasi nitaipata lini?" Ana haki. Hata chumba cha upasuaji hakisubiri mtu. Ubongo ukikosa oksijeni, dakika chache tu unaharibika, na daktari wa usingizi asiye na jibu la haraka ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Haraka lazima ijifunzwe.

Lakini nikaona jambo. Swali la Mallampati, daktari mwenye asili ya India aliyeonyesha mwaka 1985 kwamba ukimtazama mgonjwa kinywa wazi unaweza kukisia ugumu wa kumwekea mpira wa hewa, lilikuwa linamchanganya kila siku. Daraja la tatu, la nne, anayagonganisha. Usiku mmoja tukaachama mbele ya kioo, tukatafuta kimio cha kila mmoja. Kimio changu kinaonekana shina tu, basi mimi ni daraja la tatu. Tokea hapo hakulikosa tena. Jibu lilikuwa limepata sura ya mtu.

Ninyi mnaojifunza kuandika mnalijua hili: mtu hasahau kisa, husahau orodha.

Mimi nimerudi Tanzania. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya anayemlaza mgonjwa usingizi si bingwa. Ni muuguzi au tabibu aliyeongezewa mafunzo, mara nyingi peke yake, na mgonjwa haji na A, B, C, D kifuani. Anakuja na woga wake, pengine na habari ya shangazi aliyelazwa usingizi asiamke. Aliyezoea kutafuta neno moja tu ataipita habari hiyo kama haijasemwa. Mimi namwambia mgonjwa, nieleze habari za shangazi yako, halafu nakaa nasikiliza.