Bi Mkubwa Anataka Asilimia 70

Mnaosema ndoa za siku hizi zinavunjwa na simu, hamjaishi na chatu. Mume wangu aliingia kwenye ndoa yetu na gitaa, deni la chuo, na chatu jike wa mita moja na robo. Kwa kuwa alinitangulia kwa huyu bwana, mimi humwita Bi Mkubwa. Ni wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira wakiogopa, wanaofugwa sana huku Kanada na Marekani. Hana sumu, hana kelele, na panya mmoja anamtosha wiki nzima au mbili. Mimi nimekulia Tanga, ambako nyoka akionekana uani mtaa mzima unatoka na fimbo, lakini woga uliniisha mwezi wa pili. Kilichobaki ni ugomvi wa hewa.

Maana Toronto wakati wa baridi nyumba zinakauka, jamani. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri haiwezi kubeba maji mengi. Iingize ndani, uipashe moto hadi nyuzi 21, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 10. Kupika na kuoga kunaongeza kidogo, ila midomo bado inapasuka. Bi Mkubwa yeye anataka asilimia 60 hadi 80.

Asipopata, utamjua siku ya kujivua gamba (la kweli, siyo lile la wanasiasa). Macho yanakuwa kama yamemwagiwa maziwa, anagoma kula, halafu siku chache baadaye gamba linatakiwa litoke zima kama soksi. Hewa ikiwa kavu linatoka vipande vipande. Kuna kinachong'ang'ania kwenye jicho, kwani nyoka hana kope, na kuna kinachobana ncha ya mkia hadi damu isipite.

Basi mume wangu akanunua mashine ya kutoa mvuke, akaiweka chumbani kwetu, kwa sababu ndiko lilikokuwa banda la kioo. Ndani ya wiki tatu madirisha yalikuwa yanatoa jasho na kuvu jeusi limeota pembeni. Mimi nina pumu. Kuna usiku niliamka mara mbili kutafuta dawa ya kuvuta. Asubuhi nikamwambia, "Mume wangu, humu ndani kuna mmoja anapumua kwa shida, na siyo yeye."

Akaniuliza, "Kwa hiyo unataka nimtoe?"

Sikumjibu. Shosti, swali hilo halina jibu zuri. Chatu huyu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 30, na mume wangu alimpata akiwa mwanafunzi, wakati hana hata rafiki mmoja mjini humu. Siku mbili tulizungumza habari za bili tu.

Kilichotuokoa ni kuuliza anaishije kwao. Ghana na Benin nako kuna kiangazi kirefu. Jua likikausha nyasi, chatu anaingia kwenye shimo la panya au kichuguu, ambako unyevu unabaki. Kumbe anachohitaji ni shimo lenye unyevu, chumba kizima hakimhusu!

Mashine ikazimwa siku hiyo hiyo na banda likahamia sebuleni. Juu lina wavu, na huko ndiko unyevu wote ulikuwa unatorokea, kwa hiyo tukaufunika kwa karatasi ya aluminiamu, tukaacha nafasi ya hewa kupita. Chini tukamwaga makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita kama nane. Tanga makumbi ni ya kusokotea kamba. Huku nayanunua kwa dola, yameshindiliwa kama tofali. Mama alicheka mpaka simu ikakatika. Maji tunamimina kwenye pembe ili tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu, kwa sababu chatu akilalia majimaji anaota vidonda tumboni. Kunyunyizia kwa chupa ya dawa ya nguo kunamfurahisha tu anayenyunyizia. Muda si mrefu namba zimerudi pale pale.

Na namba zenyewe zisomeni kwa akili. Hewa yenye asilimia 70 kwenye nyuzi 25, ikifika upande wa taa wenye nyuzi 32 inasoma chini ya 50, bila tone la maji kupotea. Ndiyo maana tuna vipimo viwili vya kidijitali, kila upande kimoja. Mkiona chatu anakoroma, anaacha mdomo wazi au ana mapovu puani, hapo ni daktari wa mifugo anayejua nyoka, siyo kuongeza maji.

Wasomaji wa Dar, kwa joto na unyevu wenu najua mnatucheka. Ila msikimbilie porini: chatu wa kwetu ni yule mkubwa anayeweza kupita mita 4, na kumkamata bila kibali ni kosa.

Sasa chumba chetu kinasoma 35, banda 70. Januari gamba lilitoka zima, hadi vifuniko vya macho. Mume wangu akalitandaza mezani kulipima kwa futi kamba, anashangaa limevutika kuliko mwenyewe. Nikamwambia akimaliza aoshe mikono na meza kwa sabuni, nyoka hubeba bakteria wa kuharisha, na mimi nataka kuandaa chakula.