Siku ya kwanza Kagera: Noah, senene na karatasi kwenye pochi ya mama

Meli iliwashusha Bukoba asubuhi mapema, kila mtu na begi lake na usingizi wake. Baba ni mtu wa Tanga. Mama ni binti wa Kamachumu. Watoto watatu ni wa Dar kabisa, wale ambao ukiwatajia kijijini wanauliza kwanza kama mtandao unashika. Walikuwa wamelala ziwani usiku kucha kutoka Mwanza, na sasa safari yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza: Bukoba, Muleba, halafu kushuka kupitia Chato hadi Mwanza tena, kwa Noah ya kukodi na dereva wake, kijana mwenye maneno kama redio.

Watoto waliambiwa wanakwenda kula senene na kuona alikozaliwa mama. Ni kweli, ila si yote. Kwenye pochi ya mama kulikuwa na karatasi: muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema yeye anamwachia mtoto wa kaka yake kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake kwa wosia. Ilibaki sahihi yake tu. Na kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa tayari kukinunua hata kesho, kwa hela ya kulipa ada za watoto wote watatu. Baba alikuwa anajua yote mawili. Alisema neno moja tu: "Hilo la kwenu, mama watoto. Mimi nitabeba mabegi."

Walikunywa chai na chapati mjini, wakaondoka. Walipopita uwanja wa ndege dereva akapunguza mwendo, akawaonyesha maji ya pale karibu na ufukwe. Novemba 6, 2022 ndege iliangukia ziwani ikikaribia kutua, watu 19 wakafa, na waliotangulia kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watoto wakanyamaza hadi Kemondo.

Baada ya hapo nchi ikafunguka. Wadau ambao hamjafika huko, picha ni hii: ziwa linajitokeza na kupotea upande wa kushoto, kuna uwanda wa majani matupu unaoitwa rweya, halafu ghafla msitu wa migomba, na ndani ya migomba ndimo nyumba zilimo. Mama akaanza kufundisha bila kuombwa. Mgomba juu, mbuni chini yake, maharage chini ya mbuni. Majani yanakatwa rweya yanaletwa kutandazwa, samadi ya ng'ombe inaongezwa, na hivyo hivyo baba hadi mwana. Wazee wanazikwa humo humo. Ndiyo maana Mhaya akisema kibanja hasemi shamba tu.

Muhutwe wakasimama kununua senene wa kukaanga. Binti mkubwa, miaka 14, akawatafuna kama bisi huku wadogo zake wakipiga kelele za kinyaa. Dereva akacheka, akasema zamani wanawake walikuwa wanawakamata senene, ila wanaokula ni wanaume.

"Kwa hiyo bibi alikuwa anakamata, babu anakula?"

"Na alikuwa anaiba jikoni," mama akajibu. Gari zima likacheka.

Gari likaanza kupanda kuelekea Kamachumu. Dereva, bado na kicheko, akawasimulia habari ya Kashasha, hukohuko Muleba, ambako Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni walishikwa na kicheko kisichokoma. Walioshikwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, ikabidi shule ifungwe mwezi Machi.

Mama anaijua Kashasha kwa kisa kingine. Mwanamke mmoja, Holaria Pastory, aliachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia. Uzee ulipomkuta hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha: sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini siyo kuiuza. Mpwa akashinda. Mahakama ya Wilaya Muleba ikamgeuzia, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamaliza: mwanamke anauza kwa masharti yaleyale ya mwanamume.

Kwa hiyo haki anayo. Tabu ilianza alipofika.

Mke wa yule kijana alipiga magoti kusalimia, akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Watoto wakazitema kwa siri. "Shangazi, karibu kwako," kijana akasema. Hakutaja karatasi. Kaburi la mzee lilikuwa safi, majani yametandazwa kila mahali, na migomba ilikuwa midogo kuliko anayoikumbuka mama.

"Hii umepanda lini?"

"Ile ya babu iliisha na mnyauko, shangazi. Niling'oa yote, shina kwa shina. Nikaanza upya."

Mama aliwahi kutuma hela za harusi na za misiba. Ya migomba hakuwahi kuombwa, wala hakuuliza. Ni rahisi kumwita mtu kama huyu mnyang'anyi ukiwa Dar.

Walikula ndizi na maharage. Watoto wakalala mapema. Mama akakaa barazani na yule kijana, pochi ikiwa mapajani, haijafunguliwa.

"Kesho kabla ya chai tuzunguke mipaka," akasema mwishowe. "Unionyeshe milamula yote ilipo. Na huyu mkubwa atakuja nasi, aijue."

Kijana akanyamaza kidogo. "Binti?"

"Ndiyo. Binti."

Akatazama mawingu upande wa ziwani, akasema basi atawatafutia gambuti, maana usiku huu mvua itanyesha.