Bogoro: Jiwe la Kumbukumbu Litaandikwa Majina ya Nani?

Mwezi huu tunawaalika katika safari fupi. Hatuendi mbali. Ukitoka Bunia kwa barabara ya Kasenyi, kwa moto ao kwa gari, unapita vilima vya majani, unapishana na wamama wanaoleta samaki ya ziwa Albert kwenye soko la mji. Baada ya kilometa kama 25 unafika Bogoro, kijiji cha teritwari ya Irumu. Hapo barabara inagawanyika: moja inashuka ziwani, nyingine inakwenda upande wa Geti. Wasafiri wengi wanapita bila kusimama.

Sisi tusimame kidogo. Jina la kijiji hiki linajulikana mpaka La Haye, kule Uholanzi, na si kwa sababu ya zahabu.

Tarehe 24 Februari 2003, asubuhi na mapema, Bogoro ilishambuliwa. Wakati ule kundi moja la askari lilikuwa limeweka kambi kwenye Institi ya Bogoro, yaani kwenye masomo yenyewe, katikati ya kijiji. Watu walipoamshwa na mlio wa bunduki, wengine walikimbilia kambi hiyo wakifikiri kuta zitawakinga, wengine wakakimbilia majanini. Wakauawa kwa risasi na kwa panga, wamama na watoto pia. Nyumba zilichomwa, mabati yakabebwa, ng'ombe wakachukuliwa. Majina ya makabila hatuyaandiki hapa. Kila mtu wa Ituri anayajua, na kila kabila lina Bogoro yake.

Mambo hayo yalifika mbele ya Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ile tunayoiita CPI. Mwezi wa Januari 2012 waamuzi wenyewe walikuja mpaka Bogoro kuona kwa macho yao. Tarehe 7 Machi 2014 walimkuta Germain Katanga na hatia ya kusaidia makosa yaliyotendwa siku ile, kisha wakamkatia miaka 12 ya kifungo. Yeye aliacha kukata rufaa, akatoa majuto yake kwa walioteswa.

Sasa angalia jambo moja. Upande wa mashtaka ulikuwa umesema watu kama 200 waliuawa. Waamuzi waliweza kuhakikisha angalau 60. Kati ya hesabu hizo mbili kuna nafasi kubwa. Katika nafasi hiyo kuna watu: mama wa fulani, mtoto wa fulani.

Kijana anaweza kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini korti haikujenga mnara mkubwa pale kwenye njia panda, wenye kuonekana na kila mpita njia? Swali ni zuri, na jibu lake linatufundisha. Tarehe 24 Machi 2017 waamuzi walitoa amri ya fidia kwa waathirika 297. Kila mmoja angepata dola 250 kama alama tu, maana hakuna pesa inayoweza kulipa mtu. Juu ya hiyo, walipangiwa msaada wa pamoja: wa nyumba, wa masomo, wa kazi za kuleta mapato, na wa kutuliza moyo. Mnara haukuwekwa katika orodha. Waathirika wengi hawakuutaka, wala hawakutaka sherehe za ukumbusho. Waliogopa kwamba vitu hivyo vingefungua kidonda na kuamsha tena fitina.

Tusiwahukumu. Mtu anayekaa jirani na yule aliyemkimbia zamani, wanaokutana kila siku ya soko, anajua kwa nini anaogopa jiwe. Jiwe halisogei. Likiandikwa maneno ya upande mmoja, upande mwingine utalipita kila siku ukikunja uso.

Tuangalie namna wengine walivyofanya. Dar es Salaam, katikati ya mji, kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni askari mweusi wa shaba, ameinama kidogo mbele, bunduki yake yenye singe inaelekea bandarini. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi hizi tunazosoma. Lakini zamani, mahali palepale palisimama sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza waliposhinda, wakaing'oa. Ndiyo shida ya sanamu ya mshindi: mshindi akibadilika, nayo inaondoka.

Nairobi nako kuna sanamu ya vita ileile ya 1914 mpaka 1918. Hiyo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hana bunduki. Ni vizuri alikumbukwa, kwani vita ile ilibebwa kichwani na mabegani. Hata askari wa Kongo waliouteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916 walifuatwa na wapagazi wengi sana, wababa waliotolewa vijijini kubeba risasi na chakula. Wengi hawakurudi.

Lakini ukitafuta majina ya wapagazi juu ya shaba ile ya Nairobi, hutayaona. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba msamaha. Ilikubali kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ao hawakukumbukwa hata kidogo. Msamaha ulikuja baada ya miaka mia. Nani angeweza tena kuwauliza wajane?

Kule Cape Town, Afrika ya Kusini, mwezi wa Januari 2025 walifungua kumbukumbu ya namna nyingine. Si mtu mwenye bunduki. Ni nguzo za mti tunaoujua sisi, mvule, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe ya kifo chake. Nguzo ni 1,772. Wale walikuwa wafanyakazi wa jeshi, si wapiganaji. Jamaa wa leo anaweza kutembea kati ya nguzo, akaweka mkono juu ya jina la mzee wake.

Ituri nayo ilipata wazo linalofanana kidogo. Katika kesi ya Thomas Lubanga, juu ya watoto waliotiwa jeshini, waamuzi walikubali mwaka 2016 mpango wa kumbukumbu ambao si sanamu: mahali ambapo watu wa kijiji watakutana, watazungumza, na watawapokea tena wale waliokuwa watoto askari. Yaani kumbukumbu yenye paa na viti.

Tumejifunza nini katika safari hii? Kwanza, jiwe linaweza kungoja, lakini majina hayangoji. Wazee wanakufa. Vijana wametawanyika katika karieri za Mongbwalu na kwingine, na wengine hawajui babu yao amelala wapi. Pili, jiwe likija, pande zote zikubaliane kwanza, hata kama mazungumzo yatachukua miaka. Tatu, kumbukumbu iwafae walio hai: masomo yenye paa, kisima, nyumba ya kukutania.

Basi anzeni na daftari la franka kidogo. Jioni, kaa na nyanya ao muzee wako, kwa heshima. Akikataa, usimsukume, mwache mpaka siku nyingine. Akikubali, andika jina la marehemu, alikuwa mtoto wa nani, alikaa wapi, alikufa mwaka gani, alipenda kazi gani. Usiandike jina la kulipiza kisasi. Na kama katika ukoo wako kuna mtu wa upande wa pili, bibi harusi ao mjomba, majina ya watu wake nayo yaingie katika daftari lilelile. Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu, na hapo ndipo inakuwa ya maana.

Siku moja kijiji kitasema: sasa tuko tayari. Fundi atauliza: niandike nini? Heri yule mwenye daftari mkononi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, ni nani aliyekufa katika vita ambaye watoto hawajui jina lake?
2. Kama kijiji chetu kingejenga kumbukumbu, ingekuwa ya umbo gani, na nani aketi katika kupanga?
3. Jirani wa kabila lingine akisoma maneno yake, angesimama ao angepita?